Mwendo wa Dar es Salaam na Dodoma

Mtu akituuliza umbali wa Dodoma kutoka Dar es Salaam, ramani ina majibu mawili. Kwa barabara ni kilometa 450 hivi, nazo basi huzimaliza kwa saa nane au tisa. Kwa ndege ni karibu kilometa 400, na safari ni ya saa moja na dakika kidogo.

Wazee wetu hawakupima hivyo. Wao walihesabu siku na kambi: mahali pa maji, mahali pa chakula, mahali pa kulala. Msafara wa Wanyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo ulikula miezi. Mwendo ule hatuusifu, maana wapo walioutembea wakiwa watumwa. Lakini njiani watu walilazimika kujuana. Mnyamwezi na Mzaramo wakawa watani, wakataniana hata msibani. Na Kiswahili kikapanda bara kambi kwa kambi. Kisha reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikaigeuza miezi kuwa siku.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini watumishi wengi tulihama baada ya mwaka 2016. Sisi ambao kazi zetu ziko Dodoma na jamaa zetu wamebaki Temeke tumejifunza kipimo cha tatu, nacho ni kizingiti hadi kizingiti. Atokaye Mbagala kwenda kituo cha mabasi cha Mbezi huondoka kabla ya adhana ya alfajiri, na pengine foleni ya mjini humchukua muda mrefu kuliko ule ambao ndege hukaa angani.

Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, nayo hutumia saa nne hivi. Neema hiyo hatuikani. Zamani aliyefiwa akiwa mbali aliweza kukuta kaburi limekwisha kukauka. Leo huenda akawahi maziko.

Hata hivyo, tumeona ajabu moja. Njia ilipokuwa ndefu, mtu alijiandaa: alinunua zabibu na karanga, akapeleka salamu mbele, na akifika alikaa. Leo wengi wetu husema, “Dodoma si karibu tu? Nitakwenda Ijumaa ijayo.” Ijumaa hiyo nayo huzaa nyingine. Watoto wetu hawaulizi kilometa, huuliza, “Baba, unakuja lini?” Kwao, baba asiyefika yuko mbali, hata kama treni inapita kila siku.

Basi, walimu wanapowafundisha wanafunzi kugawanya kilometa kwa saa, na wawaongezee hesabu ya pili: saa zile tulizoziokoa njiani, tumempa nani? Taifa litakalojibu vyema swali hilo ndilo litakalokuwa limefupisha safari kwa kweli.