"Hapana" Yao na "Hapana" Yetu

Wahenga walinena ya kuwa kuuliza si ujinga. Lakini namna ya kuuliza nayo ni elimu, na aikosaye huweza kujibiwa ukweli mtupu na bado akapotea njia.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019, mama mmoja, mke wa sajini mstaafu wa polisi, alisafiri kutoka Jinja hadi London kumwangalia binti yake aliyekaribia kujifungua. Kiingereza alikisoma hadi darasa la saba. Lakini lugha aliyoishi nayo miaka 30 katika kambi za polisi, palipochanganyika watu wa makabila mengi, ilikuwa Kiswahili. Alfajiri ya siku ya nne binti akashikwa na uchungu. Mkwewe, akiwa mbioni kumpeleka mkewe hospitali, alimwachia mama karatasi yenye maneno machache: apande treni ya Edgware Road katika stesheni ya Earl's Court, ashuke Paddington.

Earl's Court ni njia panda. Treni za reli ya District hutawanyika hapo: nyingine huenda Wimbledon, nyingine Richmond, nyingine Ealing Broadway, nyingine Upminster, nyingine Edgware Road. Mama alishuka ngazi zisizo zake, akasimama kwenye jukwaa lisilo lake. Treni ilipoingia alimsalimu kijana mmoja, akamwuliza kwa adabu: "This train is not going to Paddington?" Kijana akajibu, "No," akaingia ndani upesi.

Mama naye akaingia, moyo mkunjufu. Kwa nini asiingie? Kwa Kiswahili, swali la "Treni hii haiendi Paddington?" hujibiwa kwa kuyapima maneno ya mwulizaji. Ikiwa haiendi, huambiwa "ndiyo", maana yake umesema kweli. Ikiwa inakwenda, huambiwa "hapana", maana yake umekosea. Mwingereza hayapimi maneno ya mwulizaji. Hulitazama jambo lenyewe. Treni isipokwenda, jibu lake ni "No", hata swali likiulizwa kwa kukanusha. Hivyo kijana alisema kweli, na mama akasikia kinyume chake.

Treni ikapita Fulham, ikavuka mto Thames pale Putney. Mama alipouona mto alishtuka, lakini aliogopa kushuka mahali asipopajua. Akachukuliwa hadi Wimbledon, mwisho wa reli. Hapo alimwendea mtumishi wa stesheni, akauliza kwa namna nyingine: "Which train goes to Paddington?" Yaani, treni ipi iendayo Paddington? Swali hilo halina ndiyo wala hapana. Jibu lake ni treni yenyewe. Mtumishi akamwonyesha kwa kidole ile iliyokuwa ikingoja kwenda Edgware Road, ambayo hupitia Paddington.

Alipofika hospitali, mjukuu alikuwa amekwisha kuzaliwa, tena ameogeshwa na kufunikwa. Kilio cha kwanza, alichokivukia bahari ili akisikie, hakukisikia. Binti hakumlaumu, alimpa mtoto ampakate.

Jioni alimsimulia mumewe kwa simu. Mzee alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mama watoto," alisema, "jambo hilo lilinisumbua miaka yote kituoni. Shahidi ukimwuliza, 'Hukumwona mwizi?' naye akajibu, 'Ndiyo,' uandike nini? Amemwona au hakumwona? Ndiyo maana mimi niliuliza, 'Ulimwona nani?'"

Maneno ya mzee yanamfaa askari apelekwaye mafunzoni ng'ambo, na mzazi aendaye kumtazama mwanawe. Swali la njia lisiwe la kukanusha. Lianze kwa neno la kuuliza ipi, wapi au saa ngapi, na jina la mahali litajwe waziwazi. Jibu likitolewa, msafiri alirudie kwa kinywa chake mbele ya aliyemjibu, kama ipokelewavyo amri, ili kosa lirekebishwe kabla milango haijafungwa.

Mama alikaa London majuma sita, na hakupotea tena. Mjukuu alilia kila usiku, naye bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka.