Bastola Inayolala Motokarini



Siku hizi ziko jamaa nyingi katika Kivu zenye mtoto au ndugu Marekani. Wengi walipita katika kambi za Nyarugusu, Nakivale au Gihembe, wakangoja miaka mingi, kisha jina lao likaitwa. Katika miaka ya 2010 na mwanzo wa ile ya 2020, Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa katika nchi ile. Nasi tuliobaki twajua kuuliza maswali katika simu: Je, mnakula vizuri? Je, baridi imepungua? Watoto wangali wanasema Kiswahili? Lakini ni nani kati yetu anayeuliza: Je, usiku bastola yako inalala wapi? Mimi nisingaliliwaza swali hilo kama mdogo wangu asingaliniletea mwenyewe.

Mdogo wangu anakaa katika jimbo la Tennessee. Anafanya kazi ya usiku katika ghala kubwa la bidhaa. Alipokwisha kupata uraia alinunua bastola dukani, kwa halali na kwa fedha yake. Mkewe akakataa kabisa isiingie nyumbani kwa sababu ya watoto wao wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa mitatu. Mwajiri naye amekataza silaha ndani ya ghala. Basi bastola ile imekosa makao pande zote mbili, ikahamia motokarini. Inakaa katika kile kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, na risasi zimo ndani yake. Mke hakuridhika na makao hayo pia, na ugomvi ukaendelea. Ndipo mdogo wangu akaniandikia: “Kaka, wewe ni mwalimu, shemeji yako anakusikia. Mwambie atulie. Motokari ni ya chuma, ina kufuli na king'ora.”

Sikutaka kujibu upesi. Mtu aliyekimbia bunduki akiwa mtoto, akilala porini pamoja na mama yake, ana haki ya kuogopa kukutwa njiani usiku na mikono mitupu. Sheria ya nchi anayokaa inampa ruhusa, na mimi niliye mbali si hakimu wake. Lakini neno lile la “motokari ni ya chuma” lilinikaa moyoni, kwa maana si kweli.

Motokari imetengenezwa ili mtu aliye ndani aone nje, na palipo na kioo cha kuonea nje, aliye nje naye huona ndani. Katika motokari nyingi, vioo vya pembeni vimechomwa kwa namna maalum ili vikivunjika visambaratike kuwa punje ndogo zisizowakata abiria. Ni akili njema ya wahandisi, nayo imeokoa watu. Lakini humfaa mwizi pia: pigo moja la chuma kidogo chenye ncha, na dirisha zima linaanguka. Tena kile kisanduku cha mbele ndipo mahali pa kwanza anapotia mkono. Chini ya kiti ndipo pa pili. King'ora je? Katika miji ile ving'ora vya motokari hulia kila siku bila sababu, na mtu aliye kitandani hugeukia upande wa pili.

Hata hivyo wezi wengi hawajisumbui kuvunja kitu. Polisi wa miji mingi ya Marekani wanasimulia jambo moja: vijana hupita barabarani usiku wa manane, wakijaribu mlango wa kila motokari. Ukiwa umefungwa, wanapita. Ukifunguka, wanaingia, wanapekua kwa nusu dakika, wanatoka. Wako pia wenye motokari wanaobandika kwenye kioo cha nyuma karatasi yenye jina la kiwanda cha bunduki wanachokipenda. Mimi naona ni sawa na kuandika mlangoni: Mali iko humu.

Hesabu zake zinatisha. Ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, iitwayo ATF, ilieleza kwamba kati ya mwaka 2017 na 2021 silaha zaidi ya milioni 1 ziliripotiwa kuibwa kutoka kwa watu binafsi. Chama kiitwacho Everytown kilikusanya hesabu ambazo polisi wa miji 337 walipeleka kwa FBI kwa mwaka 2022. Chama hiki kinapigania sheria kali zaidi za silaha, na msomaji ana haki ya kulijua hilo; lakini hesabu zenyewe ni za polisi. Katika miji hiyo ziliibwa silaha karibu 112,000, na zaidi ya nusu zilitoka katika motokari. Miaka kumi nyuma, sehemu ya motokari haikufika robo.

Kwa nini imeongezeka hivyo? Sababu moja naiona katika habari ya mdogo wangu mwenyewe. Watu wengi zaidi wamepewa ruhusa ya kuchukua bastola wanapotembea, lakini mahali pa kuingia nayo hapakuongezeka sawasawa. Shule inakataza, mahakama inakataza, ofisi za serikali ya taifa zinakataza, na waajiri wengi vilevile. Basi mtu anatoka nyumbani na silaha, anafika kwenye mlango ulioandikwa kwamba silaha haziingii, naye anafanya nini? Anairudisha motokarini.

Jambo hili lilileta shauri kubwa huko Oklahoma. Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Valliant, wasimamizi wa kiwanda kimoja cha karatasi walileta mbwa wa kunusa katika kiwanja cha kusimamishia motokari. Zikapatikana bunduki, na wafanyakazi kadhaa wakafukuzwa kazi. Ulikuwa wakati wa kuanza kuwinda, na watu wa sehemu zile ni wawindaji, wakaona wameonewa. Mwaka 2004 wabunge wa jimbo wakatunga sheria ya kuwazuia waajiri wasiwakataze wafanyakazi kuacha silaha katika motokari iliyofungwa. Majimbo mengine yakafuata, na Tennessee ni mojawapo. Tena, tangu mwaka 2014, katika Tennessee mtu mwenye haki ya kumiliki bastola aweza kukaa nayo motokarini ikiwa na risasi ndani, bila kuomba kibali chochote. Nawaelewa wale wafanyakazi wa Valliant, maana si vema mtu apoteze mkate wa watoto kwa sababu ya bunduki ya kuwindia paa. Lakini kilichotoka katika huruma hiyo ni viwanja vilivyojaa motokari, na mwizi anajua kwamba katika baadhi yake mna silaha, na kwamba wenyewe hawatatoka kazini mpaka kengele ya jioni.

Nilimwandikia mdogo wangu habari ya San Francisco, naye hakuwa ameisikia. Tarehe 27 Juni 2015, mtumishi mmoja wa serikali, mlinzi wa ardhi za taifa, aliisimamisha motokari yake katika mji huo akiwa safarini pamoja na jamaa yake. Bastola yake ya kazi ilikuwa ndani ya mfuko wa mgongoni. Kioo kikavunjwa, mfuko ukaenda. Siku nne baadaye, mwanamke wa miaka 32 alikuwa akitembea na baba yake kwenye gati la bahari. Risasi ikatoka katika bastola ile ile, ikagonga saruji ya chini, ikaruka, ikamwingia mgongoni. Alikufa siku hiyo. Mtu aliyeshika bastola alisema kwamba aliiokota chini ya kiti, imefungwa kitambaani, ikalia yenyewe mikononi mwake. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia ya kuua. Na yule aliyevunja kioo hajulikani mpaka leo.

Magazeti na wanasiasa walibishana miezi mingi juu ya mtu yule, kwa sababu alikuwa mgeni asiye na hati. Juu ya motokari walisema machache. Lakini ndiko mambo yalikoanzia, na mwenye bastola hakuwa mhalifu wala mlevi. Alikuwa mtu wa sheria, aliyefundishwa kazi ya silaha. Katika mwaka ule ule, huko Oakland, ng'ambo ya ghuba, mchoraji mmoja aliyekuwa akipamba ukuta chini ya daraja aliuawa kwa bastola iliyoibwa katika motokari ya mtumishi mwingine wa serikali. Basi, kama hao imewapata, mfanyakazi wa ghala atajisifu nini?

Hapo mdogo wangu alinijibu kwa ukali kidogo: “Kaka, kosa ni la mwizi.” Kweli, la mwizi ni la kwanza. Lakini baba yetu mkubwa alikuwa mwindaji, na mdogo wangu anamkumbuka. Alipotega mtego mzito karibu na njia, alivunja matawi na kuyalaza pande zote mbili iwe alama, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye watoto. Wala hakungoja wazee wamwamuru. Alijua kwamba mtego haujui mnyama wala mtu, na kwamba yeye akiwa amelala nyumbani, mtego hausinzii. Mbuzi wa jirani akinaswa, hakuna mzee ambaye angekubali jibu la kwamba mbuzi ndiye aliyeifuata njia mbaya.

Nikamfanyia tena hesabu, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu ubaoni. Siku ina saa 24. Kazini anakaa saa 10, na bastola iko nje kiwanjani. Njiani, kwenda na kurudi, anatumia saa 1. Saa 13 zilizobaki yuko nyumbani, anakula, analala, anacheza na watoto, na bastola iko nje tena, mbele ya nyumba. Basi kitu alichokinunua kimlinde kiko pamoja naye saa 1 tu. Saa 23 kiko peke yake, kinamngoja mtu yeyote. Hata kutoka mlango wa ghala mpaka motokarini, katika giza lile analoliogopa, anatembea bila silaha. Hesabu hiyo hakuijibu, lakini mkewe aliniambia baadaye kwamba aliisoma mara mbili.

Kwa upande wa shemeji yangu nasema hivi: hofu yake ni ya haki, lakini haijafika mwisho wake. Bastola aliyoifukuza nyumbani imekaa hatua ishirini tu kutoka mlangoni, mahali ambapo watoto hupanda kila siku kwenda shuleni. Mwezi wa Aprili 2016, huko Milwaukee, mtoto wa miaka miwili aliyekaa kiti cha nyuma alishika bastola iliyoteleza kutoka chini ya kiti cha mbele, akampiga mama yake risasi naye akiendesha. Mama akafa. Nasi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Katika Februari 2025, askari walipoondoka mjini na kuacha silaha nyuma, tuliwaona vijana wadogo, hata watoto, wakiziokota kambini. Mtoto akiona silaha isiyo na mwenyewe hasemi, “Hii ni hatari”, anasema, “Hii sasa ni yangu.” Wako waliokufa kwa sababu hiyo, na mama zao twawajua.

Basi nikamshauri nini? Kwanza, kama aweza kuishi bila bastola, aiuze dukani kwa halali, na ugomvi wa nyumbani utakwisha pamoja nayo. Kama hawezi, yafaa irudi nyumbani, ndani ya kasha la chuma lililokazwa ukutani kwa misumari ya kuzungusha, tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo ukae kwa watu wazima tu. Na kama siku moja hana budi kuiacha motokarini kwa saa chache, kuna visanduku vya chuma vyenye kufuli, vinavyofungwa kwa kamba ya waya kwenye chuma cha kiti, wala bei yake si kubwa ukilinganisha na ya bastola. Akiweke pasipoonekana, na akifunge kabla ya kufika anakokwenda, si pale kiwanjani mbele ya macho ya watu. California imeamuru jambo la namna hiyo tangu mwaka 2017, nayo amri inawahusu hata polisi. Colorado nayo, tangu mwanzo wa 2025, inataka bastola iliyoachwa motokarini ifungiwe katika kasha gumu lenye kufuli, lisiloonekana, na motokari yenyewe ifungwe.

Nilimwomba tena jambo moja dogo: aniandikie kwamba ameihifadhi nambari iliyochongwa katika chuma cha bastola yake. Bila nambari hiyo, siku ikiibwa, polisi hawana cha kuandika katika daftari lao, na ikiokotwa mahali palipouawa mtu, itakuwa vigumu mwenyewe kuthibitisha kwamba aliibiwa. Muuza silaha mwenye leseni anaamriwa na sheria ya taifa atoe habari ya wizi kabla saa 48 hazijapita. Mtu binafsi, katika majimbo mengi, haamriwi neno lolote.

Jibu lake lilikuja baada ya juma moja. Kasha la ukutani wamekwisha kuliagiza, na mkewe ndiye aliyelichagua. Nambari ya bastola haijui kwa kichwa. Imeandikwa katika karatasi ya dukani, na karatasi hiyo imo motokarini, katika kisanduku kile kile.