Jina Katika Orodha ya Majeruhi

Ukisikia mtu kaenda kujifunza kulenga shabaha Marekani, unafikiria sinema: mabaunsa, bia mkononi, makelele. Nami nilifikiri hivyo hivyo. Kumbe yapo mafunzo ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, ambamo bunduki ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni hadithi. Mpango wenyewe unaitwa Project Appleseed, walimu wake ni watu wa kujitolea, na kitu wanachokihubiri kuliko vyote ni tarehe moja: 19 Aprili 1775.

Nilikwenda na baba. Tunaishi Ohio, na mzee mmoja anayefanya naye kazi ndiye aliyetualika. Baba alikubali shingo upande. "Bunduki si mchezo, mwanangu," aliniambia njiani, kisha akanyamaza hadi tulipofika. Mimi wala sikufuata risasi. Naandika riwaya, au tuseme nahangaika nayo, na niliambiwa huko kuna watu wanaojua kusimulia.

Kwanza sheria. Mtutu uelekee upande wa salama wakati wote. Usitie risasi mpaka uamriwe. Kidole kikae mbali na triga mpaka uwe umeshalenga. Na hakikisha jirani yako naye anazifuata. Tulizirudia kama watoto wa chuoni wanaokariri alifu na bee. Halafu tukapewa karatasi yenye picha za askari wa makoti mekundu, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake. Karatasi iko mita 25 tu, lakini picha zimepunguzwa ili ya kwanza iwe kama mtu aliye umbali wa yadi 100, na ya mwisho kama mtu wa yadi 400. Huyo wa mwisho unaweza kumfunika kwa dole gumba.

Mwalimu wetu, mzee wa kofia nyekundu, alinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Ukishalala chini na kulenga, fumba macho, vuta pumzi, itoe, kisha fumbua. Kama mtutu umehama, usiulazimishe kwa nguvu za mikono. Sogeza mwili wako mzima. Risasi itoke pale pumzi inapotulia yenyewe. Sikujua kwamba kupiga bunduki ni kazi ya utulivu kiasi hicho. Baba, aliyekuja amenuna, alipiga vizuri kunishinda.

Mchana tulikaa chini ya mti na mikate yetu, mzee akaanza kusimulia. Hakuwa na karatasi mkononi.

Usiku wa 18 Aprili, Jenerali Gage alitoa Boston askari wa Kiingereza wapatao 700 wakaharibu silaha zilizofichwa mjini Concord. Daktari Joseph Warren akatuma wapanda farasi wawili, Paul Revere na William Dawes, waamshe vijiji. Kulipopambazuka, pale Lexington, mgambo kama 77 walikuwa wamejipanga uwanjani. Kiongozi wao, Kapteni John Parker, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na mwezi Septemba mwaka ule ule akafa. Risasi ikalia. Nani aliyeipiga? Hadi leo hajulikani. Moshi ulipotawanyika, mgambo wanane walikuwa wamekufa au wanakata roho, mmoja wao Jonas Parker, binamu wa kapteni, aliyemaliziwa kwa singe.

Concord, mgambo waliokuwa mlimani waliona moshi, wakadhani mji wao unachomwa. Wakateremka hadi darajani. Isaac Davis, fundi wa bunduki mwenye miaka 30, akaanguka miongoni mwa wa kwanza. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Waingereza walirudi Boston wakipigwa njia nzima, nyuma ya kuta za mawe na ndani ya nyumba. Jioni ile waliokufa upande wao walikuwa 73, na upande wa wenyeji 49.

Jamani, mzee anajua kusimulia! Watu waliacha kutafuna. Lakini mimi nilikuwa na maswali yangu. Nikamwuliza kama mgambo wale walikuwa na bunduki kama hizi zetu. Akacheka. La, akasema, nyingi zilikuwa na mtutu laini ndani, bila ile mifereji inayoizungusha risasi, na ukipita yadi mia moja shabaha inakuwa bahati tu. Nilimpenda kwa jibu hilo. Angeweza kuiacha hadithi iwe tamu kuliko ukweli, hakufanya hivyo.

Swali la pili lilikuwa zito kidogo. Katika kundi lote la siku ile, weusi tulikuwa wawili, mimi na baba. Nikauliza: pale uwanjani Lexington, hapakuwa na mtu mweusi?

"Alikuwepo," akajibu papo hapo. "Prince Estabrook. Alipigwa risasi."

Prince alikuwa mtumwa. Alisimama kwenye mstari ule na watu waliosema wako tayari kufa kuliko kutawaliwa, naye ni mali ya mwenzao. Akajeruhiwa. Baadaye aliendelea na vita jeshini, na vita vilipokwisha akawa huru.

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya asubuhi hiyo, na lililonishangaza zaidi ni vita vya pili, vya karatasi. Siku chache tu baada ya mapigano, viongozi wa Massachusetts waliwakusanya mashahidi, wakaandika viapo vyao, wakavikabidhi kwa nahodha John Derby. Merikebu yake, Quero, ilitangulia ile iliyobeba ripoti ya Gage, ingawa iliondoka nyuma yake. Mwisho wa Mei London nzima ilikuwa imeshasoma hadithi ya wakulima kabla ya kusikia ya jenerali. Sisi tunaotaka kuandika tuiweke hiyo kichwani. Walielewa kwamba anayefika kwanza na hadithi ndiye anayeaminiwa.

Sasa tazama Prince amewekwa wapi. Kwenye karatasi iliyochapishwa mwaka ule ule kuomboleza waliouawa, jina lake limo katika orodha ya majeruhi, na mbele yake wameongeza maneno ya kueleza kwamba ni mtu mweusi. Basi. Wenzake wana viapo, wana sauti, wana wajukuu waliosimulia. Yeye ana mstari mmoja.

Hapo ndipo riwaya inaponishika shingo. Kishawishi ni kumpa hotuba. Kumsimamisha uwanjani alfajiri, bunduki mkononi, aseme maneno makubwa juu ya uhuru mpaka msomaji alie. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimemtumia, kama alivyotumiwa. Labda alisimama pale kwa sababu bwana wake alimtuma. Labda alikuwa na rafiki kwenye mstari. Labda alipiga hesabu yake mwenyewe, kwamba mkono ulioshika bunduki ni vigumu kuuvisha tena mnyororo. Mwandishi mwenye haraka atachagua moja na kuliita ukweli. Mimi nataka msomaji aishi na yote matatu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba aliendesha kimya. Nilidhani bado anawaza shabaha zake. Tulipokaribia kwetu akasema, "Huyo Prince wako. Jioni ile, na jeraha lake, alirudishwa nyumbani kwa nani?"

Sikujibu. Nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa ya bwana wake.

Nimeshaandika sura mbili. Hakuna risasi hata moja inayolia ndani yake. Kuna mlango unaofunguliwa usiku, mtu mwenye damu begani, na watu wa nyumba ile wanaotazamana bila kujua waanze kumwita nani.