Mume, Mvua na Ungo wa Baba Mkwe

Mwenzi wako akianza kusingizia mvua, nenda kwanza kaangalie runinga imeandika nini.

Mimi niliangalia. Ilikuwa masika ya 2024, Ifakara. Waliofuatilia habari wanakumbuka Mto Lumemo ulivyoingia mjini. Nyumba tuliyopanga ilijaa maji mpaka magotini, tukabeba godoro, kompyuta yangu ya kazi na mtoto, tukakimbilia kwa wakwe zangu upande wa Kivukoni, kwenye kiinuko. Siku ya tatu maji yakatuzunguka pande zote. Tukawa kisiwa. Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000, na mimi mwenyewe nimewahi kuhariri makala ya kulisifia. Lakini ukiwa jikoni unamuona kambale anakatiza shamba la mpunga, sifa zote zinakutoka.

Sasa, pale kwa wakwe kulikuwa na ungo mdogo wa king'amuzi cha kulipia. Kifurushi alikuwa analipa mume wangu kila mwezi, cha wazazi na cha kwetu. Usiku wa kwanza baba mkwe akawasha, kimya.

“Mvua hiyo, baba,” mume wangu akasema fasta.

Uongo mzuri, kwa sababu una nusu ya ukweli. Ungo mdogo hutumia mawimbi mafupi ambayo mvua kubwa huyanyonya, ndiyo maana picha hukatika wingu likitanda. Ila hapo king'amuzi hulalamika kuwa hakuna mawimbi. Hiki kilikuwa kinadai kulipiwa. Na kule kwetu kilikuwa kinadai hivyo hivyo tangu Machi, nami nilikuwa nimeona, nikanyamaza. Nilijiambia labda kuna mwanamke mwingine anakula hela. Si unajua akili zetu zikikosa maelezo zinavyojitungia? Badala ya kumuuliza nikamchunia. Tukachuniana wiki nzima, tunalala chumba kimoja na mtoto katikati kama ukuta.

Baba mkwe hakubishana na mtu. Alitoka, akaenda nyuma ya banda la kuku, akarudi anasema, “Mkwe, nisaidieni kuinua ule ungo wangu wa zamani.”

Ule wa futi sita! Aliununua 2006 kwa hela ya mpunga, kwa ajili ya Kombe la Dunia. Hauna kifurushi, hauna mwezi. Unanasa chaneli ambazo hazijafungwa, basi. Na kwa ukubwa wake hutumia mawimbi marefu yasiyobabaishwa sana na mvua. Tangu mwanawe amletee king'amuzi, mama mkwe alikuwa anaanikia perege. Risiva ya zamani ilishindwa kusoma chaneli nyingi za siku hizi, ikabidi kijana wa jirani atuletee mpya kwa mtumbwi, ameifunga kwenye mfuko wa rambo.

Kazi ikawa kulenga. Setilaiti tuliyoitaka iko juu ya Bahari ya Hindi, kama kilomita 36,000 kutoka ikweta, haisogei ukiitazama kutoka duniani. Kwa hiyo ungo uliupa mgongo Udzungwa, ukatazama mashariki. Ukikosea kidogo tu, huna kitu. Mume wangu nje kwenye matope anasukuma, mimi ndani mbele ya runinga, tunaitana kwa kupiga kelele.

“Vipi?”

“Nguvu themanini! Ubora sifuri!”

Fundi yeyote atakuambia nguvu peke yake haina maana, kwa sababu hata ungo ukitazama pembeni nguvu inaweza kusoma. Ubora ndio unaokuambia umeipata.

“Sasa?”

“Sifuri!”

Saa nzima hivyo. Wiki nzima hatukuwa tumeongea maneno mengi kiasi kile. Halafu akanyamaza, nikadhani kateleza. Nikatoka. Ameshika nguzo kwa mikono miwili, amelowa chepechepe.

“Mradi ulifungwa Februari,” akasema. “Sina mshahara tangu wakati huo. Nilikuwa natoka asubuhi nakwenda kukaa stendi.”

Stendi! Miezi miwili mume wangu anahesabu mabasi ya Dar na Morogoro, mimi niko nyumbani namtafutia mchepuko. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Nikamwambia nami nilijua kuna kitu na sikuuliza.

“Kwa nini hukuuliza?”

Sikuwa na jibu, na bado sina zuri.

“Ubora arobaini na tano!” baba mkwe akapaza sauti kutoka ndani. “Msiuguse!”

Zilipatikana chaneli mbili za nyumbani, nyingine kibao za mahubiri na za lugha za mbali. Jioni majirani wakaja kwa mitumbwi kuangalia taarifa ya habari. Sisi tulikaa nyuma kabisa, juu ya gunia la mpunga, tunapiga hesabu kwenye bahasha: kodi ya nyumba, ada ya chekechea, mshahara wangu mmoja, hela anazodaiwa ambazo ndiyo kwanza nazisikia. Kifurushi nikakikata kwa kalamu mimi mwenyewe.

Mama mkwe akapita na beseni la samaki, akasimama, akautazama ungo pale juu.

“Haya,” akasema, “na perege wangu niwaanike wapi?”