Safu Iliyoachwa Tupu

Maisha yangu ya kazi hapa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, yamekuwa ya kalamu, ingawa nilichokiandika zaidi ni bunduki. Nilianza na madaftari ya silaha zilizosalimishwa baada ya vita, nikaishia kwenye orodha za vitu vya kale: visu, mikuki, magobore ya enzi za biashara ya pembe. Madaftari ya aina hizi mbili hufanana kuliko mtu anavyodhani. Lile la kusalimisha huandika aina, namba na hali, kisha huuliza: je, inafyatua? Lile la mkusanyaji huandika fundi, mwaka na uhaba, kisha huuliza: je, ni halisi, haijaguswa? Hakuna lenye safu ya kuuliza silaha hii ilibebwa na nani na ilimfanya nini mtu mwingine. Kwa miaka yote niliyokaa na kurasa hizo nimefikia rai moja: safu hiyo inayokosekana ndiyo ingepaswa kuamua mshindi katika mashindano ya maonyesho ya silaha za kale. Wakusanyaji hubishana juu ya kila kitu, lakini katika kuiacha tupu wamekuwa na umoja wa ajabu.

Ubishi wao si mdogo. Marekani, ambako chama cha National Rifle Association hutoa medali za fedha kwa silaha bora zinazoonyeshwa kwenye mkutano wake wa kila mwaka, kuna ngazi maalumu za kupima hali, kuanzia ile iliyo mpya kama ilivyotoka kiwandani mpaka ile iliyochakaa kabisa. Mkusanyaji wa ladha hiyo huogopa msasa kuliko kutu, kwa kuwa bunduki iliyong'arishwa imepotezewa uso wake wa kwanza. Oman ladha ni nyingine: bunduki ya utambi iitwayo abu fatila huvikwa fedha kwenye mtutu na kitako, na pambo lililoongezwa baadaye ni heshima kwa aliyeirithi. Wapo wanaotafuta kila toleo la kiwanda kimoja, wasipumzike mpaka pengo la mwisho limezibwa. Wapo wanaotafuta jina, ili waseme iliwahi kuwa ya jenerali fulani. Hawa wa mwisho hukaribia safu yangu, kisha huishia njiani, maana jina la aliyeshika kitako hupandisha bei, na la aliyekuwa mbele ya mtutu halina mnunuzi.

Mtu atauliza kwa nini tusumbue vyuma vilivyokwisha kustaafu. Lakini nani aliyevistaafisha? Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu bunduki kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Huo ni mstari wa karani. Chuma chenyewe hakiujui. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo, ila uliacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliendelea kutengeneza kwa ajili yetu silaha ambayo majeshi ya kwao yalikuwa yameitupa miaka mingi kabla. Kitu kilekile kilikuwa cha kale Ulaya na kipya Afrika kwa wakati mmoja. Hata leo, katika msitu wa Ituri, gobore linalojazwa baruti mdomoni ni chombo cha kazi cha mwindaji. Anayeliweka juu ya kitambaa chekundu na kuliita la kale ametoa hukumu, na mwenye kuhukumu hudaiwa sababu.

Wala si kweli kwamba mkusanyaji hupokea tu kile alichokikuta. Mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Munza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870, na taarifa zake zikaamsha hamu ya Ulaya kwa visu vyao vilivyopinda. Herbert Lang na James Chapin walitumwa na jumba la makumbusho la New York kati ya 1909 na 1915, wakarudi na maelfu ya vitu kutoka kaskazini-mashariki mwa Kongo. Wataalamu waliochunguza mkusanyo huo baadaye walionyesha kwamba sanaa ya kuchonga vichwa vya watu, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo alama ya kale ya Wamangbetu, ilistawi zaidi pale wageni walipoitaka. Mhunzi ni mfanyabiashara pia. Mnunuzi akipenda mpini wenye kichwa, atapata mpini wenye kichwa. Ladha, basi, hutengeneza vitu, na zawadi ya maonyesho ni ladha iliyopewa kikombe.

Nimesikia pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza husema kwamba bila wakusanyaji hawa, na uchu wao wa kushindana, kutu na tanuru vingekuwa vimekula kila kitu. Ni kweli, na ninawashukuru. Lakini kuhifadhi chuma na kuacha habari zake zipotee ni kutunza ala na kulitupa panga. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: historia hiyo haijulikani, na kuidai ni kuwaalika watu watunge uongo. Najibu kwamba pale isipojulikana, kadi na iseme hivyo, na jopo limpe alama aliyekiri kuliko aliyeficha. Tena haijulikani mara chache kuliko tunavyosingizia. Bogoro, kijiji cha hapa Ituri kwenye barabara ya kwenda Kasenyi, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilipomtia hatiani kamanda wa wanamgambo Germain Katanga mwaka 2014 kwa shambulio hilo, ilifuata njia ya silaha zenyewe: zilivyotoka Beni, zilivyopokelewa Aveba, zilivyogawanywa kabla ya shambulio. Safu ninayoizungumzia ilijazwa, mbele ya majaji, kwa ushahidi.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Uchungu huo ndio unaofutwa na kitambaa laini na taa nzuri. Kalashnikov zilizopita Ituri kati ya 1999 na 2003 nazo zitazeeka. Siku moja zitalazwa mezani katika mji wa mbali, na watu wazito watajadiliana kama mbao za kitako ni za asili. Hatutaweza kuwazuia. Tunachoweza ni kuwatangulia. Kila ofisi ya mkoa huu inayopokea silaha, iwe ya serikali, ya kanisa au ya chifu, na iongeze safu moja daftarini: ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, ilifanya nini. Wino ni rahisi, na mashahidi bado wako hai.