Nilificha Maji, Nikaumbuka



Mimi ni dereva. Naishi Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Zamani Kimara ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Siku hizi iko katika Wilaya ya Ubungo. Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya. Naona haya kulisema. Lakini nikinyamaza, mwenzangu mwingine atalifanya tena.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli. Si langu peke yangu. Baba yetu alipofariki alituachia mikorosho kule Kisarawe. Kaka yangu, dada yangu na mimi tuliweka pamoja fedha za korosho kwa misimu kadhaa. Tukanunua pikapu iliyokwisha kutumika. Kaka akanikabidhi ufunguo. Akasema, "Mdogo wangu, hili ni shamba letu la pili. Litunze." Pikapu ilibeba nyanya na mboga. Fedha zake zililipa mahitaji ya shule ya watoto wa dada.

SIKU YA MAFURIKO

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2018. Mvua za masika zilikuwa kubwa sana. Nilipeleka mboga sokoni Kariakoo, kisha nikaliacha gari karibu na bonde la Jangwani. Nikaenda kwa miguu kudai fedha zangu.

Jangwani ni njia ya Mto Msimbazi. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Kisarawe, hupita mjini, kisha huingia baharini. Mvua ikinyesha juu, maji huteremka Jangwani hata kama pale penyewe hapana mvua. Siku hizo maji yalifunika Barabara ya Morogoro. Magari hayakuweza kupita. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyokuwa pale bondeni iliingia maji.

Niliporudi, nililiona gari langu limesimama majini. Maji yalifika chini ya viti. Nilingoja saa tatu mpaka yakapungua. Nikafungua mlango, maji machafu yakamwagika miguuni pangu. Nikaingiza ufunguo, nikawasha. Gari likawaka mara moja!

Nilifurahi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Nikalipeleka nyumbani, nikakausha mazulia juani. Kaka aliponipigia simu kuuliza habari za mvua, nilimjibu, "Salama tu, kaka. Gari zima." Hapo ndipo nilipokosea. Niliogopa kwamba atasema sikulitunza.

DALILI ZA UGONJWA

Wiki mbili zilipita vizuri. Kisha mambo ya ajabu yakaanza. Usiku mmoja honi ililia yenyewe, majirani wote wakaamka. Nikikanyaga breki, taa ya kuonyesha kona inawaka kidogo. Asubuhi betri haina nguvu, na vijana lazima wanisukume. Nikanunua betri mpya. Nayo ikalala baada ya siku tatu.

Mwezi wa pili giaboksi ikaanza kulalamika. Ilitoa sauti kama nyuki ndani ya mzinga. Gia zikawa ngumu kuingia. Nikasema moyoni, "Ni uzee wa gari." Nikaendelea kubeba mizigo.

Siku moja nilikuwa napanda mlima, natoka bondeni kurudi Kimara. Nyuma nilikuwa na matenga ya nyanya. Mbele alikaa mama mmoja, mwenye mzigo. Katikati ya mlima gia ya pili ikachomoka. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki, lakini barabara ilikuwa na tope, likateleza. Nikakata usukani kuelekea ukingoni. Gari likagonga ukingo, likasimama. Nyanya zilimwagika zote. Yule mama aliumia mkono. Mita chache nyuma yetu watoto wa shule walikuwa wanapanda. Mpaka leo nikiwakumbuka watoto wale, mwili unanisisimka.

FUNDI ALIVYOLIPIMA

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee. Kaka alikuja kutoka Kisarawe. Tukasimama wote tukitazama.

Fundi hakuanza kwa kufungua kila kitu. Kwanza alizima vitu vyote vya umeme. Akachomoa waya wa hasi kwenye betri. Kisha akachukua taa ndogo ya kupimia, akaiweka kati ya nguzo ya betri na ule waya. Taa ikawaka. Akasema, "Mnaona? Kila kitu kimezimwa, lakini umeme unakwenda mahali. Betri inanyonywa usiku kucha."

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya moja. Alipochomoa ya honi, taa ikazimika. Basi akaufuata waya wa honi tu. Akafunua zulia la upande wa dereva. Palikuwa na kiungo cha waya. Alipokitenganisha, ndani kulikuwa na tope na kutu ya kijani.

Fundi akatueleza. Maji ya mafuriko yana chumvi, tope na uchafu, kwa hiyo hupitisha umeme. Umeme ukipita katika unyevu huo, shaba huliwa polepole. Kutu hiyo huunganisha waya ambazo hazitakiwi kuungana. Au huzuia umeme usipite panapotakiwa. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ukishika kutu, umeme wa breki hutafuta njia nyingine na kupitia kwenye taa ya kona. Ndiyo sababu taa zilichanganyikiwa. Ugonjwa huu hauonekani siku ile ile. Hujificha wiki nyingi.

Kisha akaingia chini ya gari. Akafungua nati ya chini ya giaboksi. Kwanza yakatoka maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Halafu ikatoka oili nyeupe, kama chai ya maziwa. Difu ilikuwa vile vile.

Fundi akaniangalia. Akasema, "Kijana, gari hili limelala majini. Lini?"

Nilinyamaza. Kaka naye akaniangalia. Ikabidi niseme yote mbele yao.

MAJI YALIPITA WAPI?

Kaka akauliza, "Giaboksi ni chuma kilichofungwa. Maji yalipita wapi?" Fundi akajibu kwamba giaboksi na difu zina tundu dogo la kupumulia. Gari likitoka safari, chuma na hewa ya ndani huwa moto. Likizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ile husinyaa, na maji huvutwa ndani kupitia tundu au kwenye sili za raba.

Oili iliyochanganyika na maji hailainishi vizuri. Beringi hushika kutu na meno ya gia hulika. Beringi zikilegea, gia huchomoka. Klachi nayo ikikaa na maji huteleza, na gari likiachwa siku nyingi, sahani yake huweza kugandana kwa kutu.

Magari ya gia za otomatiki huumia zaidi. Ndani mna sahani zilizobandikwa kwa gundi. Maji huilegeza gundi, na sahani hubanduka. Oili yake kwa kawaida ni nyekundu. Ukiiona imekuwa ya waridi yenye maziwa, usiliendeshe gari hilo hata hatua moja.

Giaboksi yetu haikupona. Tulitafuta nyingine iliyotumika, na gari likakaa miezi mitatu bila kazi. Muhula ule dada alikopa ili watoto wake waendelee na shule. Oili mpya siku ya kwanza ingegharimu fedha kidogo sana kuliko hasara ile.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu msomaji, labda kijijini kwenu mna pikapu, trekta au pikipiki. Mafuriko huja vijijini pia. Mwezi wa Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yaliingia vijijini katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Basi shikeni haya:

1. Msipite kwenye maji yanayokwenda kasi. Kina cha sentimeta 30 kinaweza kuliinua gari dogo. Sentimeta 60 huweza kuchukua hata gari kubwa.

2. Gari likizama, msiwashe. Maji yakiwa ndani ya silinda hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyagonga, kono lake hupinda na injini hufa.

3. Chomoeni waya wa betri, hasi kwanza.

4. Tazameni chujio la hewa. Likiwa limelowa, fundi atoe maji kwenye silinda kwanza.

5. Tazameni oili ya injini, ya giaboksi na ya difu. Ikiwa nyeupe, mwageni. Tieni mpya, tembezeni kidogo, kisha mwageni tena.

6. Tenganisheni viungo vya waya. Vioshwe kwa maji safi, vikaushwe kabisa, ndipo betri irudishwe.

7. Anayenunua gari lililotumika afunue mazulia, atazame nati za viti kama zina kutu, avute mkanda wa kiti mpaka mwisho aone alama ya tope.

8. Mwambieni mwenye gari ukweli siku ile ile.

La nane ndilo kubwa. Kaka hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema maneno haya tu: "Mdogo wangu, mvua si kosa lako. Kuninyima habari ndilo kosa." Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Nilikwenda pia kwa yule mama, nikamwomba radhi na kumlipa nyanya zake kidogo kidogo. Mkono wake ulipona, na mpaka leo napakia mizigo yake.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Gari nalo lina maradhi yake. Mimi niliyaficha kwa wiki kadhaa, na karibu yawaue watoto wa watu. Sasa nikivuka hata dimbwi lililofika ekseli, nikifika nyumbani nafungua nati ya chini, natazama rangi ya oili, kisha nampigia kaka simu.