Mizani na Kalamu

Katika maisha yangu nimeandika matangazo mengi: ya harusi, ya misiba, ya mikutano ya wazazi. Ninalolijutia ni moja tu, na hilo nililiandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote.

Ulikuwa msimu wa kahawa wa mwaka 1996, kwetu Kishanda, mkoani Kagera. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa tangu msimu wa 1994/95, na kwa kuwa malipo ya chama cha msingi yalikuwa yakichelewa, wengi wetu tulipeleka kahawa ya maganda kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa wakala wa mnunuzi wa mjini Bukoba. Alilipa taslimu, siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa mizani yake. Gunia lililokuumiza mgongo njia nzima, likifika kwake lilikuwa jepesi.

Siku moja kijana aliyekuwa akijenga nyumba alipita pale na mfuko wa sementi, akaomba utundikwe. Mfuko wa kilo 50 ukasoma kilo 45. Watu waliokuwapo wakatazamana. Jioni ile wazee walikutana kwa baba yangu mdogo, wakakata shauri: asiuziwe kahawa, wala kisinunuliwe kitu dukani mwake, iwe chumvi, sukari au mafuta ya taa, mpaka abadilishe mizani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nikapewa kalamu.

Hadi hapo, ndugu msomaji, sioni kosa hata leo. Fedha yako ni yako, na hakuna sheria inayokulazimisha kununua chumvi kwa mtu anayekupunja. Mwaka 1880 huko Ireland wapangaji na majirani walimsusia msimamizi wa mashamba aliyeitwa Charles Boycott. Hakuna aliyekubali kumvunia wala kumuuzia, hata jina lake likawa neno la kususia katika Kiingereza. Mnyonge hana silaha nyingi, na hii ni mojawapo.

Nilipokuwa nikimalizia kuandika, mtu mmoja akasema, "Ongeza na lile la mkewe."

Mke wa mwenye duka alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa ugonjwa gani, hakuna aliyejua, na kila mtu alidhani anajua. Anayeikumbuka Kagera ya miaka ile ataelewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda. Basi kwetu, kuanzia bidhaa za mtu hadi ugonjwa wake, njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Nilisita. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Nikaandika kwamba mikono inayopima sukari yetu ina ugonjwa uliomuua mkewe. Asubuhi tangazo likabandikwa penye gulio.

Miaka mingi baadaye niliisoma Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyokuwa ikitumika wakati ule, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kashfa, ilisema, ni jambo linaloweza kumletea mtu chuki, dharau au kejeli, au kumharibia kazi au biashara yake kwa kumvunjia heshima. Haikulazimu liwe gazeti. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono ilitosha. Na ili aliyeandika aokoke kwa kusema kweli, ilipasa jambo liwe la kweli na tena kulitangaza kuwe na manufaa kwa umma. Sentensi ya sementi ingevuka vizingiti vyote viwili. Ile ya mke haikuwa na ushahidi wowote. Na hata ingekuwa kweli, maiti ya mkewe ilihusiana nini na kilo zetu?

Kosa hili si la vijijini tu. Mjini London wanaharakati wawili, Helen Steel na David Morris, walishtakiwa na kampuni ya McDonald's kwa ajili ya kijikaratasi. Kesi ilisikilizwa tangu 1994 hadi 1996. Jaji alipima madai moja moja: ya ukatili kwa wanyama na mishahara midogo akaona yamethibitika; mengine hayakuthibitika, na kwa hayo akawaamuru walipe fidia. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba wawili hao hawakutendewa haki, kwa kuwa walinyimwa msaada wa kisheria. Lakini somo la kupima madai moja moja limebaki nami. Hasira ya haki haihalalishi kila sentensi iliyopanda juu yake.

Mimi somo hilo nililipata nyumbani kwanza. Wiki ya pili mdogo wangu wa kike alirudi kutoka shule akasema, kama habari ya kawaida, kwamba binti wa mwenye duka siku hizi anakunywa maji kwa kiganja. Kikombe cha darasa wamemkataza.

Usiku ule nililibandua tangazo. Asubuhi nikaenda dukani. Nilimkuta ameketi nje, mizani mpya ikining'inia mlangoni.

"Tata," nikasema, "mwandiko ule ni wangu."

"Naujua," akajibu. "Ya mizani nilistahili. Nimeibadilisha, kama mlivyoandika. Hilo jingine, mwanangu, nibadilishe nini?"

Sikuwa na jibu. Watu walirudi kumuuzia kahawa, maana fedha taslimu haina kinyongo. Sukari yake haikununuliwa tena. Baada ya miaka miwili alifunga duka, akahama na binti yake.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na neno "mpaka". Ilimwonyesha mkosaji alilokosa na namna ya kulimaliza. Ya pili haikuwa na "mpaka" yoyote. Siku hizi nikiombwa kuandika tangazo la kumsusia mtu, ninalitafuta kwanza neno hilo. Nisipoliona, ninaifunga kalamu.